Nusu ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pindo alikuwa na kazi zilezile. Alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyolala chini ya cherehani ya babu yake, akainjika chai, kisha akatoka uani kuchuma balungi. Kufagia alikumaliza harakaharaka, na chai ilijichemkia yenyewe. Balungi ndilo hakulifanyia haraka. Alisimama chini ya mti akayapima matunda kwa kiganja, moja baada ya jingine, kama alivyofundishwa na bibi yake: zito ndilo lenye maji, jepesi ni kama ahadi ya mlevi, kubwa kwa nje, ndani hamna kitu.

Mbalungi huo Bibi aliupanda mwenyewe enzi za usichana wake. Na ni yeye aliyeianzisha desturi ya nyumba ile. Alilikata balungi katikati, akazilegeza nyama zake kwa kijiko kidogo, akanyunyiza chumvi, akampa Babu nusu. Nusu ya pili aliila mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Anza siku na chungu," alikuwa akisema, "ili tamu ikija uitambue."

Bibi alifariki msimu wa mvua uliopita. Kiti chake kilibaki palepale dirishani, na juu yake ule mto alioushona kwa vipande vya vitambaa vya rangi zote. Hakuna aliyekikalia. Hata wateja waliokuja kupimwa nguo walisimama. Nusu ya Bibi aliirithi Pindo, naye aliila akiwa wima, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti. Ladha yenyewe hakuipenda. Ilimkunja uso kila siku kana kwamba ndiyo kwanza anaionja. Alichokipenda ni harufu iliyobaki vidoleni. Ilikuwa harufu ya mikono ya Bibi. Darasani, somo likirefuka, alivinusa vidole vyake akafumba macho, na kwa kitambo kidogo akawa hayupo darasani tena.

Pindo halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo kwa sababu utotoni hakubanduka kwenye pindo la gauni la bibi yake. Bibi akienda jikoni, naye yumo. Akienda sokoni, naye yumo. "Mtu atadhani nimemshonea mtoto kwenye nguo," Bibi aliwaambia watu. Baba na mama yake Pindo walifanya kazi mji wa mbali na walikuja nyumbani kwa nadra. Aliyemlea ni Bibi. Sasa aliyebaki ni Babu.

Babu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Lakini baada ya msiba alianza kuchoka ovyo, akapumzika kila baada ya kola moja. Akaenda zahanati. Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi, akampima damu, akamwambia kolesteroli yake imepanda.

"Ni mafuta yanayosafiri kwenye damu, mzee," alimwelezea. "Yakizidi yanagandamana kwenye mishipa, kama uchafu kwenye bomba. Nitakupa vidonge, kimoja kila siku. Punguza vya kukaanga, tembea tembea, na kula matunda kwa wingi."

"Nimesikia, daktari. Na wewe koti lako limekosa kifungo."

Njiani kurudi Babu alicheka peke yake. "Matunda! Nyumba ina mti mzima, mimi naambiwa nitafute matunda!"

Basi tangu siku hiyo kidonge kikaingia kwenye desturi ya asubuhi. Pindo alikamua maji ya balungi kwenye kikombe, Babu akaweka kidonge ulimini, akakiteremsha. "Chungu kimsindikize chungu mwenzake," alisema. Kisha akala nusu yake, akatazama kiti cha dirishani, akakaa kwenye cherehani.

*

Shule zilipokaribia kufunguliwa, sare zilimiminika. Sketi za buluu, mashati meupe, kaptura. Zilirundikana mezani hadi Babu akawa haonekani nyuma yake. Hapo ndipo miguu ilipoanza kumsumbua. Mapaja yaliuma kana kwamba yamepigwa, na mabega yakafuatia. Akishona kidogo, anasimamisha gurudumu kwa kiganja, anajisugua.

"Babu, unaumwa?"

"Siumwi. Miguu hii imekanyaga cherehani tangu baba yako hajaota meno. Nayo ina haki ya kulalamika."

Pindo hakucheka. Alijiuliza Bibi angefanya nini, na jibu likaja upesi, kwa sauti ileile ya Bibi: tunda ni dawa. Kesho yake akampa Babu nusu zote mbili. Babu alipokataa, Pindo akadanganya kwamba tumbo lake limejaa. Keshokutwa akaongeza kikombe cha jioni. Baadaye kikombe kikawa bilauri kubwa. Babu alikunywa bila kubisha, maana kila bilauri ililetwa kwa mikono miwili, kwa heshima ileile aliyoizoea kwa mkewe.

Lakini maumivu hayakupungua. Kadiri Babu alivyolegea ndivyo Pindo alivyokamua, na kadiri Pindo alivyokamua ndivyo Babu alivyolegea. Mtoto hakuliona hilo. Aliona tu kwamba mabalungi ya chini yamekwisha, na sasa inambidi apande juu ya ndoo kuyafikia.

Siku moja rafiki yake, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna habari iliyolala kwake, alikuja dirishani.

"Pindo wee! Sketi yangu iko wapi? Mama anasema Fundi siku hizi anashona kama anahesabu nyota. Anataka kitambaa chake akipeleke kwa fundi mwingine."

"Mwambie avute subira."

"Ameshaivuta mpaka imekatika."

Babu alisikia. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, hatua chache tu, kisha mguu ukagoma, na uzi ukakatika.

*

Habari zilimfikia shangazi yake Pindo, binti mkubwa wa Babu, aliyeishi mji mwingine. Akafika na mkoba mmoja na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Kabla hajavua viatu alimwona baba yake akijivuta kwa ukingo wa meza ili asimame.

"Baba! Tangu lini unasimama hivi?"

"Tangu ulipoingia. Ningejua unakuja ningeanza kusimama jana."

"Usinifanyie mzaha, Baba. Hapa hupawezi tena. Mtahamia kwangu, wewe na Pindo. Shule ziko kule. Nyumba hii tutaipangisha."

Pindo alikuwa mlangoni na balungi mkononi. "Na mti, Shangazi?"

"Mti ndio nini? Mti hautalia. Mpangaji akitaka ataukata. Mizizi yenyewe imeshapasua sakafu ya bafu. Na haya matunda machungu mnayokula asubuhi asubuhi, mimi hata utotoni yalinitia kiungulia. Sijui Mama aliyapendea nini."

Babu aliangalia dirishani. Pindo akalikumbatia balungi kifuani, na moyo wake ukawa mzito kama tunda lile. Wakiondoka, nani atakaa karibu na kiti cha Bibi? Na vidole vyake vitanukia nini?

"Nipe muda hadi sare ziishe," Babu alisema mwishowe.

"Zahanati kwanza, Baba. Hayo mengine baadaye."

Walikwenda wote watatu. Daktari alimbonyeza Babu mapaja, Babu akauma meno.

"Vidonge unakunywa kama nilivyokuagiza?"

"Sijaruka hata siku moja."

"Vizuri. Unameza na nini?"

Babu alimtupia jicho binti yake, aliyekuwa ameketi na mkoba mapajani. "Maji," alisema.

"Kuna dawa nyingine yoyote unatumia? Mizizi, majani, kitu cha jirani?"

"Hakuna."

Pindo alifungua mdomo. Mkono wa Babu ukatua begani mwake, taratibu, lakini ukiwa na uzito wake wote. Pindo akafunga mdomo.

Daktari alikuna kichwa. Dawa hizi, alisema, mara chache huumiza misuli, lakini kipimo alichopewa mzee kilikuwa kidogo. Akachukua damu ipelekwe hospitali kubwa ikapimwe. "Leo na kesho usimeze kidonge mpaka majibu yatoke," akamwagiza. "Na kama mkojo ukibadilika rangi, usingoje majibu. Njoo mbio."

Jioni, Shangazi alipokwenda dukani, Pindo alimuuliza babu yake kwa nini alisema maji.

Babu alikuwa akizungusha bobini tupu ya uzi mezani. "Mjukuu wangu, ukimwonyesha mtu unachokipenda, umemwonyesha pa kukuchoma. Shangazi yako anatafuta sababu. Tukisema tunaishi kwa mabalungi, mti utashtakiwa, utahukumiwa na kufungwa kwa siku moja." Akaisimamisha bobini kwa kidole. "Mimi nikila lile tunda, bibi yako bado yuko pale dirishani. Unanielewa?"

Pindo alielewa. Yeye mwenyewe alikuwa akiishi kwa harufu hiyohiyo. Akaenda kumkamulia bilauri nyingine, kubwa kuliko ya jana.

*

Asubuhi iliyofuata cherehani haikulia. Pindo alimkuta Babu ameketi kwenye kigoda chake, kaptura ya mtu imekwama chini ya sindano, mikono yake imeanguka mapajani.

"Pindo, nishike mkono. Miguu haina habari na mimi leo." Kisha akashusha sauti. "Tena mkojo wangu umekuwa mweusi, kama chai isiyo na maziwa. Shangazi yako usimwambie, atapiga kelele."

Pindo alilikumbuka agizo la daktari. Halafu alipiga kelele yeye mwenyewe, "Shangazi! Shangazi, njoo!" hadi jirani mwenye mkokoteni wa matofali akatokea kabla ya Shangazi. Wakatandika shuka juu ya mkokoteni, wakamlaza Babu, wakaanza safari ya kwenda zahanati. Babu, amelala chali anatazama mawingu, akasema, "Nimeshapakiwa kama tofali. Msinishushe tu kwenye ujenzi." Hakuna aliyecheka.

Zahanati, Babu alipelekwa chumba cha ndani. Pindo aliachwa kwenye benchi la ukumbini. Aliinamisha uso kwenye viganja, na harufu ya balungi ikamjia. Akamkumbuka Bibi. Hakumkumbuka akiwa dirishani safari hii. Alimkumbuka siku moja alipokuwa akikagua gauni la harusi lililokwisha kushonwa, limepigwa pasi, limekunjwa. Bibi aliona mshono mmoja wa kiunoni umepinda kidogo. Mteja mwenyewe hakuuona, na Babu alisema pasi itauficha. Bibi akachukua wembe na kuufumua wote.

"Mshono uliopinda haunyooshwi kwa pasi," alisema. "Unafumuliwa."

Pindo alisimama. Alijua akisema mti utakatwa. Hilo hakulitilia shaka. Watahama, kiti kitabaki na wageni, na siku moja atavinusa vidole vyake vinukie sabuni tu. Lakini mle ndani, mlango wa pili, kulikuwa na mtu ambaye akipotea hakuna mti utakaomrudisha. Akaingia bila kubisha hodi.

"Daktari, si maji."

Daktari aligeuka. Shangazi naye. Babu, kitandani, alifumba macho.

"Kidonge hakimezi kwa maji. Anameza kwa balungi. Mwanzoni alikula nusu asubuhi. Miguu ilipoanza kuuma nikampa na nusu yangu. Halafu nikamkamulia jioni pia. Bilauri nzima. Kila siku." Machozi yalimtangulia maneno. "Bibi alisema tunda ni dawa."

Daktari alivua miwani yake, ikaning'inia kwenye uzi. Kwanza hakusema na Pindo. Alimwita muuguzi, akaagiza maji ya mshipani yaongezwe na hospitali kubwa ipigiwe simu wawahishe majibu ya damu na wapime pia figo. Kidonge alikisimamisha kabisa. Ndipo alipovuta kiti, akakaa mbele ya mtoto, macho kwa macho.

"Umesema jambo nililolitafuta tangu jana. Sikiliza. Tumboni mwetu kuna kitu mithili ya mlinzi wa mlangoni. Kidonge kama hiki kikipita, mlinzi anakipunguza, sehemu ndogo tu inaingia kwenye damu. Sisi tunapopanga kipimo tunajua mlinzi yupo kazini. Sasa balungi lina kitu ndani yake kinachomlaza mlinzi usingizi. Mlango unabaki wazi. Babu yako anameza kidonge kimoja, lakini damu yake inapokea kama amemeza vingi. Dawa ikirundikana hivyo inaumiza misuli, na misuli ikiharibika uchafu wake unakwenda kuzisumbua figo. Ule mkojo mweusi ndiyo habari yenyewe."

"Je, angekunywa asubuhi, halafu kidonge jioni?" Shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Haisaidii. Mlinzi huyu akilala haamki upesi. Kesho yake bado anasinzia. Na danzi, lile chungwa kali la kutengenezea achari, lina tabia hiyohiyo."

Pindo alishindwa kujizuia. "Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza."

"Wewe ulimpa ulichoamini ni kizuri. Mimi nilimwambia ale matunda kwa wingi, nikasahau kumwambia lipi asile. Hapo kosa ni langu, na wagonjwa wangu wote kuanzia leo nitawauliza." Kisha akamgeukia Babu. "Na wewe, mzee. Mficha maradhi kifo humuumbua, sivyo? Lakini wewe ni wa kwanza kwangu: maradhi umeyaleta, umeficha tunda!"

Babu alifumbua jicho moja. "Daktari, mbona bado hujashona kile kifungo?"

Ndipo Shangazi akacheka, akalia, akacheka tena.

*

Babu alilazwa siku kadhaa katika hospitali kubwa. Alinyweshwa maji mengi, mkojo ukasafika, figo zikaonekana zimenusurika. Miguu ilirudi polepole, kama mgeni aliyepotea njia. Aliporuhusiwa alipita kwanza zahanati, na daktari akampa kidonge cha aina nyingine, kwa kipimo kidogo.

"Dawa za kolesteroli si moja," alisema. "Zipo zinazogombana na balungi, zipo zisizogombana. Hii haigombani. Hata hivyo misuli yako bado haijapona, kwa hiyo balungi liache hadi nitakapokuambia. Papai kula. Ndizi, embe, tikiti, pera, chungwa tamu, kula. Ukiletewa dawa mpya na mtu yeyote, uliza kwanza: hii inapatana na nini? Na usiiache dawa kwa kuogopa. Njoo tuulizane."

Huko shuleni Redio alikuwa ameshatangaza. Pindo alipoingia darasani, watoto wawili walikuwa wametupa mabalungi yao pipani.

"Sumu!" Redio alisema, macho yamemtoka. "Babu yako si alikula sumu?"

"Redio, leo umeshika mawimbi mabovu. Balungi si sumu. Mimi nimekula asubuhi hii. Nalo ni zuri kwa asiye na dawa ya kugombana nalo. Ni Babu na kidonge chake cha zamani tu ndio hawakupatana nalo. Nenda kaulize nyumbani kama bibi yako anameza vidonge, halafu umwambie akamuulize daktari. Hiyo itangaze."

Na Redio, kwa haki, aliitangaza.

Kilichobaki kumkosesha Pindo usingizi ni mti. Shangazi hakuwa amerudi kwake. Alikaa anapika, anashona vifungo vya sare, anajua kila mteja anadai nini. Lakini kila alipopita uani aliutazama mbalungi kwa kuupima, kama mtu anayeipimia nguo kitambaa.

Asubuhi moja wote watatu walikuwa chumba cha cherehani. Mezani kulikuwa na papai la Babu. Pindo alikuwa amechuma balungi lake, na mkono, kwa mazoea, ukalikata katikati. Akabaki na nusu mbili mbele yake, asijue la kuifanya ya pili.

"Baba," Shangazi alianza, "kuhusu ule mti…"

Pindo alishika kisu kwa nguvu.

"Mti haukunikosea," Babu alimkatiza, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini. "Mimi ndiye niliyeukosea, nilipouficha. Nilidhani naulinda. Ningemwambia daktari siku ile ya kwanza, angeniambia neno moja tu, nami nisingepakiwa kwenye mkokoteni. Nilikuwa namkumbuka mama yako kwa njia ya kificho, nikakaribia kumfuata. Ukinitaka nihame, nitahama. Lakini usiukate kwa kosa langu."

Shangazi alizunguka meza, na bila kufikiri akaketi kwenye kiti cha dirishani, juu ya mto wa vipande. Pindo na Babu walitazamana. Kiti kililia kidogo, kama kilivyokuwa kikilia zamani.

Babu aliisukuma ile nusu ya pili kuelekea kwake. "Onja."

"Mimi? Haya matunda?" Lakini aliichukua. Akachota kwa kijiko, akaweka mdomoni, uso wote ukamkunjamana hadi macho yakapotea. "Uchungu gani huu!" Akameza. Akatulia, kijiko hewani, akitazama nje kwenye mti.

"Pindo," alisema taratibu, "chumvi iko wapi? Mama hakuwa akila bila chumvi."

Pindo alikimbia jikoni. Aliporudi, Shangazi alijifuta macho kwa pindo la gauni lake, akainyunyizia ile nusu kwa vidole viwili, kwa mzunguko, vilevile alivyofanya Bibi. Akaila yote. Alipomaliza alivinusa vidole vyake, akashtuka, akamtazama Pindo.

"Najua," Pindo alisema.

Habari za kuhama hazikutajwa tena siku ile, na hata siku zilizofuata hazikutajwa. Ila fundi wa sakafu aliitwa kuziba ufa wa bafuni.

Kabla Pindo hajatoka kwenda shule, Babu alimwita karibu. Alilitwaa ganda tupu la balungi, akalibana mbele ya pua yake, akavuta pumzi ndefu.

"Hili daktari hakulikataza," alisema. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kumpenda mtu ni kuzuri, na kumkumbuka ni kuzuri. Lakini upendo haumpimii mtu dawa. Ukiwa na mgonjwa, kila anachokula na anachokunywa mwambie daktari, hata kile unachoona haya kukisema. Na hasa hicho. Na ukiona mkubwa wako anaficha, fanya ulivyofanya. Mshono ukipinda…"

"…unafumuliwa," Pindo alimalizia.

"Haya, nenda. Mpitie daktari umpe hiki." Akamkabidhi kifungo cheupe, uzi wake umeshapitishwa kwenye sindano. "Mwambie Fundi amechoka kungoja."

Pindo aliweka kifungo mfukoni akatoka. Alipofika langoni aliusikia mguu wa Babu ukitafuta kanyagio. Mara moja, mara ya pili, kisha cherehani ikashika mwendo. Akasimama kidogo kusikiliza. Nyuma ya mlio ule, Shangazi alikuwa akiuliza kama kuna balungi jingine.